Sugu

Saa moja asubuhi, spitali ya Wete,
nafungua kabati la joto,
natoa kisahani nambari arubaini na moja:
usaha wa paja la Shaame Faki, mtu wa Kiuyu,
aliyeteleza mkarafuuni, tawi likamchana.

Jana nilipanda, leo natazama.
Vipande sita vya karatasi, vidogo kuliko kifungo cha kanzu,
kila kimoja kimelowa dawa yake.
Dawa ikiwa na nguvu, vijidudu havisogei,
na pembezoni mwake hubaki ua uliofagiwa,
safi kama ua wa Bi Mize asubuhi ya Idi.
Ua: pa kukaa. Ua: la kunusa. Ua! – amri.
Neno moja, na kazi yangu yote imo ndani yake.

Leo nyua ni mbili tu, nyembamba.
Nazipima kwa rula ya skuli ya mwanangu:
milimita kumi na moja,
milimita tisa.
Vipande vinne vilivyobaki wamevizunguka mpaka ukingoni,
hawana hata haya.

Bibi yangu Kaije alikuwa na kovu ugokoni,
kubwa kama shilingi ya zamani.
Utotoni buba ilimtafuna miguu, akawa anatambaa.
Wakaja watu na meza, wakaiweka barazani kwa sheha,
sindano moja, mara moja.
"Ijumaa nimechomwa, Ijumaa ya pili naruka kamba."
Mpaka anakufa, neno *peni* alilitaja
kama mtu anayemtaja mkwewe: taratibu, macho chini.
Sikuwahi kumwambia kuwa peni ni mtoto wa ukungu,
ndugu wa ule wa mkate aliokuwa akiwatupia kuku,
ukungu ulioangukia kisahani cha mtu aliyekwenda likizo
akarudi,
akakuta ua.

Mtu huyo alionya mapema:
msiwape kidogo kidogo, mtawafunza.

Tukawafunza.
Miye nilikuwa mwalimu mzuri.
Mwaka nilioumwa koo nilimeza rangi mbili nne,
koo likapoa, zilizobaki nikazipiga fundo kwenye leso.
Riziki wa nyumba ya pili tumbo likamsokota, nikampa tatu.
Alimeza mbili. Ya tatu akaivunja,
unga akaunyunyiza kwenye kidonda cha mumewe.
Tukashukuriana mlangoni,
majirani wema.

Na Shaame? Dukani Konde alinunua mbili mbili,
kama anunuaye sigara, maana pesa ya karafuu haijatoka.
Hawakumuuliza cheti.
Walimuuliza chenji.

Nilipokwenda wodini kumtoa usaha alinishika mkono, akaubana.
Kiganja chake kigumu kama gome,
sugu za matawi, vuno baada ya vuno.
Hazaliwi mtu na sugu.
Sugu ni kitu kukugusa kila siku,
kikakuumiza kidogo,
kisikumalize.
Ngozi ikajifunza.
Nilisimama pale na kijiti cha pamba mkononi
nikiwaza viumbe visivyo na ngozi wala mikono
navyo vimeshinda vunoni.

Naandika jibu. *Sugu*, naandika mara nne,
kalamu ikakwama wino mara ya tatu, nikaikung'uta.
Dawa yenye milimita kumi na moja haipo stoo,
itatoka Unguja, labda kesho, labda Jumatatu.
Ya milimita tisa daktari kaitazama, kaguna.
Shaame kaambiwa asubiri.
"Basi nipeni rangi mbili," kasema, "nijizuie zuie."

Jioni nyumbani natafuta funguo mkobani,
vidole vinagusa leso,
na fundo.

Hesabu yake naijua.
Silifungui.
Riziki yupo ukumbini na mtoto begani,
mtoto anakohoa,
na ananitazama mkono.